Kutafuta Kinyume cha Neno la Kiingereza

Wengi wetu tukipewa zoezi la kutafuta kinyume cha maneno ya Kiingereza hufurahi, maana twaliona jepesi. Twatwaa neno, twalitia un-, in- au dis- mbele yake, na kazi imekwisha. Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao, mpaka kosa langu lilipokaribia kuleta moto.

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi seremala. Siku moja alinipa kopo la vanishi nimsomee maandishi yake, kwa kuwa yeye hajui Kiingereza. Niliona neno inflammable. Nikafikiri: flame ni mwali wa moto, na in- hukanusha, basi nikasema, "Mjomba, hii haishiki moto." Naye kwa kuniamini akaliweka kopo kando ya jiko la mkaa tulipokuwa tukichemsha chai. Mzee mmoja, fundi mwenzake, alilinyakua upesi akasema, "Kijana, vanishi isiyoshika moto umeiona wapi?" Niliona haya sana.

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Kiingereza. Alinieleza kwamba in- ziko mbili, na zote zimetoka katika Kilatini. Ya kwanza hukanusha, kama katika incorrect, yaani si sahihi. Ya pili ina maana ya "ndani", nayo ndiyo iliyomo katika inflammable: kitu kiwezacho kuwaka. Kwa hiyo flammable na inflammable maana yake ni moja, na kinyume chake ni non-flammable. Kwa ajili ya hatari hiyo, lebo nyingi za siku hizi huandikwa flammable. Tena, invaluable si kitu kisicho na thamani, bali ni chenye thamani isiyopimika. Kisicho na thamani huitwa worthless.

Hata Kiswahili chetu chatuonya hivyo hivyo. Kinyume cha funga ni fungua, na kinyume cha ziba ni zibua. Je, kinyume cha nuna ni nunua? Hasha!

Jambo la pili ni kwamba neno moja laweza kuwa na vinyume vingi, kwa kadiri ya neno lililo jirani yake. Kinyume cha kisu kikali ni kisu butu, lakini kinyume cha mbwa mkali ni mbwa mpole. Katika Kiingereza, mzigo ulio light kinyume chake ni heavy, lakini rangi iliyo light kinyume chake ni dark. Mtu aliye old kinyume chake ni young, na kitabu kilicho old kinyume chake ni new.

Jambo la tatu ni mafungu ya maneno. You must go maana yake ni lazima uende. Wengi wetu huandika kinyume chake You must not go. Lakini hayo ni makatazo: usiende! Tukitaka kuondoa ile lazima tu, twasema You need not go, yaani si lazima uende. Mgonjwa akiandikiwa must not kuhusu chakula fulani, naye akafahamu need not, atakila na kujidhuru.

Basi, wenzangu, kwanza tutazame sentensi nzima, pili tuulize maana yake, ndipo tutafute kinyume. Na tukiwa na shaka tufungue kamusi. Wazazi wetu wengi hutupa barua, makopo na karatasi za dawa tuwasomee, wakiamini kwamba twajua. Kosa la daftarini hutupunguzia alama tu, bali kosa la nyumbani laweza kumwumiza mtu asiye na hatia.

Mjomba hakunikemea hata kidogo. Lakini tangu siku ile, kila nimsomeapo jambo, hunitazama usoni akauliza, "Una hakika?"