Shamba lote ndani ya foto moja: faida na mitego ya kioo cha kupanua



Ilikuwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Tulikuwa tumesimama pembeni ya shamba la mama mmoja mwanamemba, upande wa Luilu, komine ya Dilala. Mahindi yalikuwa yamevunwa tangu mwezi wa tano. Mabua yalilala chini, na vumbi ya magari ya mine ilikuwa imefunika majani ya muhogo mpaka yakafanana na udongo. Watu waliotumwa kuhesabu mali ya wakulima walifika na karatasi zao. Wakatazama kushoto, wakatazama kuume, mmoja akasema: "Mama, hapa haiko shamba. Ni pori tu."

Mama hakugombana. Alifungua mfuko wa plastiki na kutoa foto tatu zilizopigwa mwezi wa pili, wakati mahindi yalikuwa yametoa ndevu. Ya kwanza ilionyesha mistari minne ya mahindi mazuri. Ya pili ilionyesha mama mwenyewe kati ya mimea, kichwa na mabega tu. Ya tatu ilikuwa jani lililotobolewa na kiwavi. Yule bwana akazitazama polepole, akarudisha: "Mahindi tunaona, mama. Lakini shamba iko wapi? Hii inaweza kuwa bustani ya nyuma ya nyumba."

Foto zile tulizipiga sisi, maagronomu. Hatukuwa na la kujibu. Siku ile walihesabu muhogo na miti mitatu ya avoka. Mahindi hayakuingia kwenye karatasi. Hakuna mtu anayeweza kurudisha mwezi wa pili ili apige tena, na hasara ile mama aliibeba yeye, si sisi. Ndiyo maana tunaandika habari hii.

Kosa lilikuwa wapi

Shamba la mama ni refu na jembamba. Upande mmoja kuna mtaro, upande mwingine kuna senyenge. Ukitaka kurudi nyuma ili upige shamba lote, unaanguka ndani ya maji au unashikwa na miba ya chuma. Mashamba mengi ya Dilala yako hivyo siku hizi: yamebanwa kati ya barabara, nyumba na viwanja vya mine.

Apareyi tuliyotumia ni ndogo, Canon PowerShot A620, iliyotoka mwaka 2005. Ni ya zamani, lakini tunaipenda kwa sababu inatumia mapile manne madogo ya AA, yale yanayouzwa kila duka. Mahali pasipo na umeme hilo ni jambo kubwa. Shida yake ni kwamba haioni pana. Ukisimama metre 10 mbele ya kitu, foto inachukua upana wa karibu metre 10 tu. Kinachobaki kando hakionekani, na yule asiyefika shambani atasema hakipo.

Dawa yake ni kioo cha kupanua. Ni lenzi ya ziada inayowekwa mbele ya lenzi ya apareyi. Haifunguliwi kitu ndani. Unatoa pete ndogo ya mbele, unafunga mrija, halafu unafunga kioo juu ya mrija ule. Kile kilichotengenezwa kwa A620 kina namba 0.7. Maana yake lenzi inayohesabiwa kuwa ya milimetre 35 inafanya kazi kama ya milimetre 24 na nusu. Tuseme kwa lugha ya shamba: ukisimama palepale, metre 10, sasa unapata upana wa karibu metre 14. Na kwa sababu foto inapanuka pande zote, juu na chini pia, eneo linaloingia ndani ni karibu mara mbili.

Tuliyoharibu kabla ya kujua

Kioo cha kwanza tulichopata hakikuwa cha mrija. Kilikuwa cha bei ndogo, chenye pete ya sumaku inayobandikwa moja kwa moja juu ya lenzi ya apareyi nyingine. Jioni, tumechoka, tulizima apareyi bila kukitoa. Lenzi ikataka kurudi ndani na uzito ule, motere ikalia mara mbili, ikakwama. Apareyi ile haikuamka tena. Basi sheria ya kwanza: kioo cha sumaku kinatolewa KWANZA, halafu ndiyo unazima. Kile cha mrija kinabebwa na mwili wa apareyi, hakisumbui motere.

Sheria ya pili: tazama kwenye kioo cha nyuma chenye picha, usitazame kwenye kidirisha cha juu. Kile kidirisha hakijui kama umeongeza lenzi, na mrija unakifunika nusu.

Ya tatu: usitumie flashi. Mrija na kioo vinazuia mwanga, unapata kivuli cheusi chini ya foto. Ndani ya gala la mahindi, fungua mlango, weka apareyi juu ya gunia, pumzi taratibu, piga bila flashi.

Ya nne: usivute zumu. Kioo hiki ni cha kuona pana. Ukivuta, foto inakuwa laini kama iliyopigwa ndani ya moshi. Hata bila kuvuta, pembe nne za foto hazikati vizuri. Kama apareyi inakuruhusu kuchagua ufunguzi, weka 5.6 au 8, pembe zitakuwa safi zaidi.

Ya tano ni vumbi. Kila kioo unachoongeza ni nyuso nyingine za kusafisha, mbele na nyuma. Vumbi ya laterite ni mchanga mdogo, inakwaruza. Puliza kwanza, halafu brashi laini, mwisho kitambaa safi cha pamba. Tafadhali, tusifute na shati ya jasho.

Mtego mkubwa: kioo kinabadilisha umbali

Sasa tuko kwenye jambo la maana kuliko yote. Kioo cha kupanua hakionyeshi zaidi tu. Kinakuruhusu kusogea karibu, na ukisogea karibu, kilicho mbele kinakuwa kikubwa na kilicho nyuma kinarudi mbali. Muhindi ulio mbele yako unaonekana kama mti. Mwisho wa shamba unaonekana kama uko ngambo ya mto.

Msimu uliofuata tulipeleka foto moja pana ya shamba lingine, tukiwa na furaha. Jibu tulilopewa lilikuwa fupi: "Ile foto ni ya bongo. Shamba haiwezi kuwa refu hivi." Walikuwa na haki nusu. Shamba lilikuwepo, lakini foto ilikuwa imelivuta.

Mtego ule unaweza kumgeukia mkulima vilevile. Mama mmoja alitaka kuonyesha namna kilima cha udongo wa mine kiko karibu na muhogo wake. Ndani ya foto pana kilima kilikuwa kidogo, kama kiko kijiji kingine. Kumbe alikuwa akitembea hatua themanini tu anakifikia. Foto ya kuonyesha ujirani wa vitu viwili inapigwa bila kioo cha kupanua, kutoka mbali kidogo.

Mistari ya kando pia inapinda. Senyenge iliyonyooka inakuwa kama upinde. Kwa hiyo weka mpaka wa shamba katikati ya foto, usiuweke pembeni, na shika apareyi sawa, isiinamie chini.

Namna tunavyopiga sasa

Tulitengeneza fimbo mbili za metre 2, zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kila rangi sentimetre 50. Fimbo moja inasimamishwa metre 5 mbele ya apareyi. Nyingine inashikwa na mwenye shamba kwenye mpaka wa mwisho. Fimbo ni sawa, kila mtu anajua ni sawa. Akiona moja kubwa na nyingine ndogo, anaelewa mwenyewe namna kioo kinavyovuta, na hawezi tena kusema ni bongo.

Tunasimama kwenye pembe nne za shamba, tukitazama ndani. Foto nne. Kila foto inapaswa kuonyesha kitu kisichohama: muembe mkubwa, nguzo ya umeme, jiwe la mpaka, paa la kanisa. Mbele tunaweka kibao chenye tarehe, jina la shamba na namba ya pembe. Halafu tunatoa kioo na kupiga karibu: mistari ya mahindi, mashina ya muhogo, kila mti wa matunda na fimbo kando yake.

Tunapiga asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, jua likiwa mgongoni au begani. Kioo cha mbele ni kikubwa, kinashika jua haraka na foto inakuwa na ukungu. Lakini angalia kivuli chako mwenyewe. Kwa sababu foto ni pana, nacho kinaingia. Geuka kidogo.

Na tunarudi kwenye pembe zilezile mara nne kwa mwaka: mwezi wa 11 baada ya kupanda, mwezi wa 2 mahindi yakiwa marefu, wakati wa kuvuna, na mwezi wa 7 au wa 8 wakati wa ukavu. Foto ya kiangazi peke yake inaonyesha pori. Foto nne za pembe moja zinaonyesha mwaka wa kazi wa mkulima.

Asiye na kioo asikate tamaa. Simama mahali pamoja, piga foto tatu ukigeuka polepole kushoto kwenda kuume, kila foto ichukue tena theluthi ya ile iliyotangulia. Zikipangwa mezani zinafanya kazi ileile. Na simu nyingi za sasa ziko na lenzi pana ndani yake. Mitego ni ileile, fimbo ni zilezile.

Kwa nini tunajisumbua hivi

Sheria ya Mine ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inasema katika kipengele cha 281 kwamba mwenye kutumia ardhi inayochukuliwa anastahili malipo ya haki: kodi ya ardhi au thamani yake wakati ilipochukuliwa, na nusu juu yake. Sheria ile inaelewa ardhi kuwa mahali ambapo watu wamefanya au wanafanya kazi kweli. Neno "kweli" ndilo lenye uzito. Mkulima asiye na hati anabaki na jasho lake, na jasho likikauka halionekani.

Lakini tusijidanganye. Foto si hati, na haipimi hekta. Hekta zinapimwa kwa kutembea mpaka wote na GPS au kamba, mbele ya majirani na chifu. Foto inasimama kando ya vipimo vile na kusema: vilipigwa hapa, siku hii, na hiki ndicho kilikuwa juu ya udongo.

Kwa hiyo weka tarehe sahihi ndani ya apareyi kila unapobadilisha mapile. Usifute foto ya kwanza, hata kama ni mbaya. Nakili karte mahali pawili, kwa mwandishi wa koperative na kwa mtu mwingine. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa na habari za tarehe zinapotea. Tuma kama dokima.

Mwezi wa pili uliofuata tulirudi kwa yule mama wa kwanza. Sehemu ya shamba iliyobaki alikuwa ameipanda tena, mahindi na maharage kati. Alikataa mtu mwingine ashike fimbo ya mwisho. Alitembea mpaka kwenye senyenge, akaisimamisha, akapaza sauti: "Munaniona?" Kwenye apareyi alikuwa mdogo kama kidole, lakini mistari yote ilikuwa inatoka miguuni petu mpaka kwake.

Wandugu, mvua zikianza, pangeni siku zenu nne. Koperative isiyo na apareyi iombe ile ya jirani, na fimbo mbili kila mtu anaweza kuzikata leo.