Kamera ya Jichoni na Kamera ya Mfukoni

Kwa muda wa miezi mitatu, kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya maghorofa ya Mtaa wa Msimbazi, wakati wasukuma mikokoteni wangali wanafungua kamba za shehena zao na wauza kahawa wamekwisha kugonganisha vikombe mara mbili tatu kuita wateja, nimekuwa nikitoka nyumbani na kamera mbili, moja ikining'inia kifuani kwa ukanda wa ngozi na nyingine imelala katika mfuko wa suruali, nazo nimezitembeza pamoja katika Kariakoo, Mnazi Mmoja, Kisutu na hata Posta, nikitaka kujua kwa kutenda, wala si kwa kusikia, ni ipi inayomfaa zaidi mtu mwenye shauku ya kupiga picha za maisha ya Dar es Salaam kama yalivyo.

Hiyo ya kifuani ni yangu mwenyewe, Fujifilm X100, mtumba niliouziwa na rafiki aliyekuwa anahama mji. Na hiyo ya mfukoni, Ricoh GR, ni amana ya mpwa wangu, aliyeniachia alipokwenda safari. Ya kwanza ilitangazwa Septemba 2010 ikaingia madukani mwaka 2011, mwaka ule ule ambao tetemeko kubwa la tarehe 11 Machi lilisimamisha kwa muda kiwanda chake kaskazini mashariki mwa Japani. Ya pili ilitoka mwaka 2013. Kwa hesabu ya vyombo vya umeme hawa ni ajuza wawili, maana simu ya miaka hiyo ukiipeleka leo kwa fundi wa Mtaa wa Aggrey ataitazama kwa huruma na kukurudishia. Lakini kamera iliyoundwa vema haizeeki kwa kasi ya simu, kwa kuwa nuru iingiayo katika lenzi leo ni ile ile iliyoingia jana.

X100 hutoa picha ya megapikseli 12 na GR megapikseli 16, na kibati cha kupokea nuru kilicho ndani ya kila moja ni cha kipimo kimoja, takriban milimita 24 kwa 16, ambacho ni kikubwa mara nyingi kuliko kile cha simu. Lenzi zao hazibadilishwi wala hazivuti kilicho mbali: atakaye uso uwe mkubwa pichani na asogeze miguu yake. Basi msomaji anayetazamia kuambiwa kwamba moja hutoa picha nzuri kuliko nyingine atanisamehe, kwa sababu nilipozisafisha picha za kamera zote mbili kwa kipimo cha karatasi ya A4 na kuzitandaza juu ya meza, sikuona katika wembamba wa mistari wala katika kina cha rangi tofauti ambayo mnunuzi angekubali kuilipia hata senti moja. Tofauti yao, na ni kubwa, imo katika namna kila moja inavyomsimamisha mpiga picha mbele ya watu.

Umbo la X100 limeigwa kwa kamera za kupimia masafa, jamii ambayo Leica ya Ujerumani ndiyo iliyoipa sifa duniani. Ndani ya kamera hizo taswira mbili za kitu kimoja, zilizopokewa na vidirisha viwili vilivyoachana, huonekana zimepishana, na mpiga picha huzungusha pete ya lenzi mpaka zikutane zikawa moja, na hapo ndipo ajuapo kuwa amelenga sawasawa. Ya kwanza ya kidijitali katika ukoo huo iliundwa na Epson mwaka 2004, R-D1, yenye akrabu kama za saa juu yake na wenzo wa kuvuta kwa kidole gumba kana kwamba ndani bado mna filamu. Leica wakafuata na M8 mwaka 2006. X100 haina ufundi huo wa taswira mbili, hulenga yenyewe kwa umeme, na kwa hiyo wenye kushika mapokeo huiona kuwa mgeni aliyevaa kanzu ya wenyeji. Lakini kitu kimoja cha ukoo imekirithi kwa haki, nacho ni kidirisha cha kutazamia.

Kidirisha hicho kimewekwa pembeni, mbali na lenzi, na atazamaye ndani yake huiona dunia yenyewe kwa rangi zake na nuru yake, na juu ya dunia hiyo umechorwa mstatili mweupe uonyeshao mipaka ya picha. Nje ya mstatili bado unaona. Asiyewahi kupiga picha katika Mtaa wa Congo saa tano ya asubuhi hawezi kukadiria thamani ya jambo hilo. Mchuuzi amesimama na magauni kumi begani, ndani ya mstatili yumo yeye peke yake na ukuta wa duka, lakini kando, pale ambapo picha haifiki, naliona guta linakuja limejaa marobota, na nyuma yake msichana mwenye ndoo ya maji baridi kichwani, na sauti ya msukumaji inapasua umati, "Pisha mzigo! Pisha mzigo!", na mchuuzi anageuza shingo, nangoja, tairi la guta linavuka mstari mweupe, nabonyeza. Jicho la kushoto nalo limebaki wazi nje ya kamera, likichunga mkoba wangu na vidole vya miguu yangu. Katika miaka niliyokaa na chombo hiki, nusu ya picha ninazozipenda zimetokana na kitu nilichokiona kabla hakijaingia pichani.

Ni kweli kwamba kidirisha kilichoachana na lenzi kina ila yake, kwani kitu kilicho karibu sana, kikombe cha kahawa au kiganja chenye kashata, hutazamwa kutoka mahali pamoja na kupigwa kutoka mahali pengine, na kilichoonekana katikati hutokea kimesogea. Waundaji waliliwazia hilo wakaweka mbele ya kamera wenzo mdogo ambao, ukisukumwa, hufunga dunia na kufungua kioo cha elektroniki kinachoona yale yale yaonwayo na lenzi. Mimi huutumia mara chache.

GR haina kidirisha kabisa. Ina kioo nyuma, basi, na Dar es Salaam ni mji uliopo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, ambako jua la adhuhuri hushuka wima na kukifanya kioo chochote kuwa kipande cha makaa. Fauka ya hayo lenzi yake ni pana kuliko ya mwenziwe, sawa na ile iliyoitwa milimita 28 enzi za filamu, ilhali ya X100 ni sawa na 35, na kwa hiyo inamtaka mtu asogee hatua moja zaidi kwa yule anayempiga. Lakini haya yasichukuliwe kama lawama, maana kamera hii imetungwa na watu waliojua watakalo. Ina uzito wa gramu 245 pamoja na betri, mwenziwe gramu 445, na mkono mmoja wa kulia huendesha kila kitu huku wa kushoto umeshika mfuko wa ndizi mzuzu. Lililo zuri kupita yote ni kwamba yaweza kuambiwa mapema masafa ya kulenga. Ukiiweka mita 2 na kulifinya tundu la lenzi hadi f/8, kila kilichopo kuanzia takriban mita 1 mbele yako hadi mbali kabisa kitakuwa safi, na kwa hiyo hakuna kungoja; kidole kinashuka na picha imekwisha kunaswa. Kwa watoto wanaocheza mpira wa makaratasi jioni katika vichochoro vya Kariakoo sijaona chombo kilicho bora.

Mpwa wangu aliponikabidhi aliniusia hivi: "Mjomba, siri yake ni moja, usiinyanyue. Ikae kiunoni, ukipita unabonyeza, hakuna atakayejua." Nilifuata wasia huo Jumamosi mbili. Jumamosi ya pili, karibu na makutano ya Mtaa wa Sikukuu, kijana muuza viatu aliacha wateja wake akanijia, hakuwa na ghadhabu, akaniuliza, "Kaka, umenipiga picha?" Nikajibu kwamba nimepiga mtaa. Akasema, "Mtaa una sura yangu?" Sikuwa na jibu. Alitaka kuiona, nikamwonyesha. Alitaka ifutwe, nikaifuta mbele ya macho yake, nikaondoka nikiwa na haya ambayo sikuwahi kuipata katika miaka yote ya kuinua kamera jichoni mchana kweupe.

Tangu siku hiyo nimelifikiri sana jambo hili. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini Kariakoo ina ada yake iliyotangulia sheria, nayo ni kwamba uso wa mtu una mwenyewe, na atakaye kuuchukua hupiga hodi. Ada hiyo tumeirithi pia kutoka studio. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, na wengine wengi walipofungua zao katika miji ya pwani, aliyepigwa picha ndiye aliyekuwa tajiri wa shughuli nzima: alikuja kwa miguu yake, amevaa alichokitaka, akachagua asimame au aketi, na picha ikawa yake. Mpiga picha wa barabarani alikuja baadaye, na wa habari pamoja naye. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, aliianzisha Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963. Huyo alikuwa na sababu kubwa za kuwahi tukio kabla hajaomba ruhusa. Mimi ninayepiga picha ya muuza bamia sina sababu ya ukubwa huo, na kamera inayoonekana, inayopanda polepole kutoka kifuani hadi jichoni, humpa mtu nafasi ya kusema la, au kufunga kilemba vizuri, au kucheka. Hiyo ndiyo hodi yake. Mara nyingi kicheko hicho ndicho picha yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga picha wetu hulijua na ambalo vitabu vya wageni hulipitia haraka. Kipimo cha nuru cha kamera yoyote huidhania dunia kuwa ya kijivu. Kikiona kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe wa msikiti, hupunguza nuru ili kuifanya kijivu, na uso wa mwenye kanzu, uliokuwa na weusi mzuri wenye kung'aa, hugeuka kuwa kivuli kisicho na macho. Dawa ni kuiongeza nuru kwa mkono, kipimo kimoja au zaidi, na X100 imewekewa gurudumu la kazi hiyo juu kabisa, chini ya kidole gumba, lenye tarakimu zilizochongwa zinazosomeka hata kamera ikiwa imezimwa. GR ina kitufe cha kazi hiyo hiyo, nacho ni chepesi, lakini jibu lake hulioni mpaka kioo kiwe kimewaka. Mimi huliweka gurudumu tangu nyumbani. Tena X100 ina kichujio ndani yake ambacho hukata nuru hadi sehemu ya nane, kama miwani ya jua, na kwa hicho tundu la lenzi laweza kuachwa wazi hata saa saba mchana, sura ikatokea dhahiri na vurugu ya mabango nyuma yake ikayeyuka.

Mahali pamoja niliona wazi kwamba ya mfukoni inashinda, napo ni mbele ya soko lenyewe, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, na miavuli yake ya zege iliyokunjuliwa juu ya nguzo, ambayo hakuna mtoto wa mji huu asiyeijua. Katika mitaa ile myembamba hakuna nafasi ya kurudi nyuma. X100 hupata mwavuli mmoja na nusu, na GR huukusanya ukoo mzima wa miavuli pamoja na watu walio chini yake. Nilipiga kwa GR, na picha hiyo nimeitundika ukutani.

Kuhusu matunzo nitasema machache. Lenzi yoyote inayochomoza na kurudi ndani huvuta pumzi, na pumzi ya Kariakoo ina vumbi. Kamera ya namna hiyo ifungwe katika kitambaa kila inaporudi mfukoni. Na unyevu wa masika huotesha kuvu ndani ya vioo vya lenzi iwayo yote iliyofungiwa kabatini. Isikae gizani wiki nzima, itolewe ikafanye kazi.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea picha zake mama mmoja auzaye bamia na nyanya chungu, ambaye nilimpiga kwa kamera zote mbili siku moja, kwa ya mfukoni alipokuwa amenipa kisogo akipanga mafungu, na kwa ya jichoni baada ya kumwamkia. Alizishika kwa ncha za vidole, mikono yake ikiwa na maji. "Hii ni mikono yangu," alisema juu ya ile ya kwanza, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akaiweka chini ya mizani. Ya pili akawaonyesha majirani zake wawili. Halafu akaniambia, "Mwanangu, zote nzuri, lakini hapa nina kanga ya kazi. Ijumaa nitakuja na kitenge changu cha Idi na binti yangu atakuwapo, nawe uje mapema, kabla ya wateja." Nikamjibu, "Nitakuja, mama." Akaniuliza nitakuja na kamera gani. Nikamwonyesha zote mbili, moja katika kila mkono, na yeye, baada ya kuzipima kwa macho kama apimavyo fungu la bamia, akainyooshea kidole ile yenye ukanda.