Resi nyingi, gari haitoki: tatizo ni tairi, siyo injini

Haya wadau, leo tuongelee magari. Vijana wengi wa mjini wenye Altezza, Mark II na Chaser wakipata mshiko (hela) wanakimbilia Gerezani na Shaurimoyo kusaka vitu vya kuongeza nguvu: ekzosi kubwa, filta ya hewa, rimu za kung'aa. Halafu taa ikiwaka kijani, kelele kibao, moshi kibao, gari iko palepale na daladala inaondoka zake. Kwa nini?

Kinachosukuma gari mbele ni mpira unaogusa lami, na kila tairi inagusa sehemu kama kiganja cha mkono tu. Nguvu ikizidi uwezo wa hicho kiganja kushika, tairi inazunguka bure na hela yako inageuka moshi.

Wenye mbio za dragi wanalijua hili vizuri. Hizo ni mbio za magari mawili kwenye njia iliyonyooka, kwa kawaida mita 402. Wenzetu hawaangalii muda wa mwisho peke yake, wanapima pia mita 18 za kwanza. Ukipoteza muda pale mwanzoni, kuurudisha mbele ni kazi ngumu. Wanacheza na mambo haya:

1. Uzito. Gari ikiondoka kwa nguvu, pua inanyanyuka na uzito unahamia nyuma. Gari ya kilo 1300 ikitoka kwa kasi nzuri, kama kilo 100 zinahama. Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo inafaidika. Starlet na IST zinavutwa na tairi za mbele, yaani uzito unazikimbia tairi zinazofanya kazi. Ndiyo maana zinaspini kirahisi.

2. Klachi na mafuta. Usipige resi mpaka mwisho halafu ukaachia klachi ghafla. Tairi inashika vizuri zaidi ikizunguka haraka kidogo kuliko gari inavyokwenda, kama asilimia 10 hadi 20 kwenye lami kavu. Ikipita hapo sana, mshiko unashuka. Dereva mzuri anaachia klachi taratibu, na mafuta anaongeza kadiri gari inavyoshika.

3. Upepo. Magari ya dragi yanatumia tairi laini zisizo na kashata, zilizotengenezwa kufanya kazi na upepo mdogo sana. Usiige! Tairi ya kawaida ikiwa na upepo mdogo inapata moto, inaweza kupasuka au kutoka kwenye rimu. Fuata kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na pima tairi ikiwa ya baridi.

4. Umri wa tairi. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa, lakini mpira umeshakauka. Tafuta ubavuni herufi DOT, uangalie tarakimu nne za mwisho. Ukiona 3514, maana yake imetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2014. Mpira mkavu haushiki, hata uchome vipi.

Na kule kuchoma tairi kabla ya mbio? Kwa tairi za dragi kuna faida, mpira unapata joto na kuacha uchafu. Kwa tairi yako ya kawaida unamaliza kashata tu.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo kubwa. Tairi ile ile inayokutoa ndiyo inayokusimamisha. Kwenye lami kavu na tairi nzima, ukifunga breki ukiwa kilomita 50 kwa saa unahitaji kama mita 14. Ukiwa 100 siyo mara mbili, ni mara nne: kama mita 56. Ongeza sekunde moja ya kushtuka, mita nyingine 28. Jumla 84! Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi na oili, ni zaidi ya hapo.

Hata viwanja rasmi vina njia ndefu ya kusimamia, na bado watu wanakufa. Mwaka 2008 dereva Scott Kalitta alifariki huko Marekani baada ya injini kulipuka na gari kushindwa kusimama mwisho wa uwanja. Baada ya hapo chama chao cha NHRA kikapunguza mbio za magari ya kasi kubwa kabisa kutoka mita 402 hadi 305.

Sasa niambie, Msimbazi au Uhuru hizo mita 84 utazipata wapi? Pale kuna mkokoteni, machinga, mama na mtoto mgongoni, na basi la mwendokasi. Hata usiku wa manane mtu anavuka.

Kwa hiyo mdau, ukipata mshiko, nunua kwanza mshiko wa lami: tairi nne zisizozeeka, breki nzima na shokapu zinazofanya kazi. Ekzosi itasubiri. Na mbio ziacheni kwa sehemu iliyofungwa, yenye ruhusa na nafasi ya kusimama.

Wenye gereji na madereva, mnasemaje?