Mega ziko, paji haifunguke

Wenzangu, kwetu Nyawera dada mdogo alikuwa anatuma dosie ya kazi, siku ya mwisho. Wifi iko, paji haifunguke. Tukanunua mega zingine: bure! Kumbe ni DNS. Ni kama sokoni: unajua jina ya mama wa sambaza, hujui meza yake, lazima mtu akuonyeshe. DNS njo inaonyesha namba ya kila saiti.

Ku kompyuta andika ping 8.8.8.8, kisha ping google.com. Namba ikijibu na jina ikikataa, usinunue kitu. Ingia mu ruta (mara mingi 192.168.1.1), penye DNS weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8, zima, washa. Ukibadilisha mu simu yako tu, wengine nyumbani wanabaki vilevile. Mega haziongezeke, lakini dosie ilienda saa tano ya usiku.