Mlezi Anayetuliza Askari

Wanangu, ndani ya damu ya kila mmoja wenu mna askari. Ni seli nyeupe, na kazi yao ni kumkagua kila wanayekutana naye. Walianza kufundwa mngali tumboni: huyu wa kwetu, yule mgeni. Mgeni hashambuliwi kidogo, huuawa.

Sasa tegeni sikio. Mvulana hazaliwi na mbegu za kiume. Huanza kutengenezwa katika korodani anapobalehe, askari wakiwa wamekwisha kuhitimu miaka mingi. Hawajapata kuziona. Mbona basi hawazivamii?

Zina mlezi. Mwaka 1865, Mtaliano Enrico Sertoli, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichungulia kwa hadubini ndani ya vijifereji vya korodani akaona seli ndefu zenye matawi. Leo tunaziita seli za Sertoli. Kila moja husimama kuanzia ukingoni mwa kijifereji hadi katikati, na mbegu changa zimejibana ubavuni mwake kama vifaranga chini ya bawa, zikilishwa mpaka zikomae. Nayo hushikamana na wenzake hadi pakawa na ukuta ambao askari hapenyi.

Ukuta peke yake hautoshi, na hapo ndipo hadithi hii huniteka. Mlezi huyo hutoa protini ziitwazo TGF-beta, ambazo huwapoza askari walio jirani na kuwageuza baadhi yao kuwa wasuluhishi. Nyingine huzuia zile protini za damu zinazotoboa seli ngeni.

Watafiti wakajiuliza: je, mlezi huyu angekubali kulea mtoto wa mwingine? Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, askari wake wameziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Nguruwe anazo, na insulini yake ina viungo 51, kimoja tu kikitofautiana na chetu. Lakini seli zake zimevaa sukari ambayo kingamwili zetu huitambua mara moja.

Mwaka 1993, huko Marekani, panya wenye kisukari walipandikizwa seli za kongosho la panya wengine pamoja na seli za Sertoli. Zikadumu. Baadaye seli za Sertoli za vitoto vya nguruwe ziliishi ndani ya panya ambao hawakupewa dawa yoyote ya kuzima kinga. Nguruwe ndani ya panya, na askari kimya!

Mwaka 2005 madaktari wa Mexico walieleza jinsi walivyowapandikiza vijana 12 wenye kisukari seli za kongosho na za Sertoli za nguruwe, ndani ya vibomba vya wavu wa chuma chini ya ngozi. Baadhi walipunguza sindano za insulini. Wanasayansi wengi walipinga, wakisema majaribio ya wanyama hayakuwa yametosha. Nami nawaunga mkono: wale walikuwa watoto, rika lenu, na mtoto hafanyiwi haraka.