Maganda ya Mpunga na Hesabu ya Kaboni

Ukiteremka kutoka Kerugoya, ukapita Kutus hadi Wang'uru huko Mwea, utakuta vilima vya maganda nyuma ya vinu vya kukoboa mpunga. Katika kila kilo 100 za mpunga, karibu 20 ni maganda. Yamejaa madini ya silika: ng'ombe hanenepi nayo, wala hayaozi upesi, basi mengi hupigwa kiberiti. Kaboni ambayo mpunga uliivuta hewani kwa miezi kadhaa inarudi hewani jioni moja.

Maganda hayohayo yakichomwa kwenye tanuri lisilopitisha hewa ya kutosha, hayawi majivu. Yanakuwa bayochari, mkaa mweusi mwepesi unaobaki na karibu nusu ya kaboni yake. Vijidudu vya udongo huumaliza kwa shida sana, na sehemu kubwa inaweza kukaa ardhini kwa miongo mingi. Mwea, kampuni ya Safi Organics hutengeneza mbolea yenye mkaa wa aina hii. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya una asidi, na bayochari huipunguza. Kwa hiyo shamba linafaidika hata asipopatikana mnunuzi wa vyeti vya kaboni huko Ulaya, na hilo mashine za kunyonya kaboni hewani haziwezi kudai.

Mashine zenyewe zinavutia, sikatai. Octavia Carbon ya Nairobi inakusudia kunyonya kaboni hewani kwa kutumia joto la ardhini la Bonde la Ufa, kisha gesi izikwe kwenye miamba ya volkano. Iceland tayari wameonyesha kwamba gesi ikizikwa hivyo hugeuka jiwe ndani ya miaka 2. Ila kaboni dioksidi haifiki hata sehemu 5 katika kila 10,000 za hewa, na kuichuja kunakula nishati nyingi. Mtambo wa Mammoth, uliozinduliwa hukohuko Iceland mwaka 2024, umebuniwa kuondoa tani 36,000 za gesi hiyo kwa mwaka. Dunia hutoa takriban tani bilioni 37 kila mwaka kutokana na nishati za kisukuku. Gawanya mwenyewe: ni mitambo milioni moja hivi.

Bayochari nayo ina mtego wake. Tanuri bovu hutoa moshi na methani. Tena maganda si takataka kwa kila mtu: wapo wanaoyatandaza kwenye mabanda ya kuku, wapo wanaochomea matofali. Yakipanda bei kwa sababu ya kaboni, mchoma matofali atarudi kwenye kuni, na cheti cha kaboni kitasema tani imeondolewa ilhali mti umekatwa. Mkaguzi anayepima tanuri peke yake hataliona hilo.

Kisha kuna pesa. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2023, inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa kaboni unaotumia ardhi, na asilimia 25 kwa mradi usioitumia, baada ya kutoa gharama. Mwenye mradi ndiye anayeziandika gharama hizo. Kabla ya kutia sahihi, mkulima aombe kuziona.