Leza yaangalia ndani ya ngozi bila kukata: Inaona nini, haioni nini?

Kuna wagonjwa wengi ambao daktari akishasema anataka kukata kipande cha ngozi kikapimwe maabara, huaga kwamba watarudi kesho, na hawarudi. Wengine huogopa kisu. Wengine huwazia udhu: kidonda kikiwa usoni au mguuni na hakitakiwi kuguswa na maji, atasali vipi? Hilo la pili jibu lake lipo, kwani sharia imeruhusu kupaka maji juu ya bendeji, na ipo tayamamu. Muulize sheikh wako, lakini usiikimbie hospitali kwa ajili hiyo.

Wataalamu nao wametafuta njia ya kuangalia ngozi bila kuikata. Mwaka 1995 watafiti wa Boston, Marekani, akiwemo Milind Rajadhyaksha, walichapisha picha za chembe hai ndani ya ngozi ya mtu aliye hai, zilizopigwa kwa hadubini ya leza. Usidhani ni leza ya kuchoma. Hii ni hafifu, ni ndugu wa ile iliyomo katika redio za CD, na haina mionzi kama ya eksirei. Leo kuna hadubini za aina hii zinazoshikwa mkononi.

Ngozi hupakwa jeli au mafuta kidogo, kisha lenzi huwekwa juu yake. Mwanga unapenya, unagonga chembe hai, na sehemu yake inarudi. Ndani ya chombo mna kitundu chembamba kinachopitisha mwanga uliotoka kwenye kina kimoja tu; uliotoka juu au chini ya hapo unazuiwa. Hivyo daktari huiona ngozi tabaka kwa tabaka, kwa picha nyeusi na nyeupe. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, hung'aa sana katika picha hizo, na ndiyo maana chombo hiki husaidia kutofautisha baka la kawaida na saratani ya melanoma. Mgonjwa anaondoka bila kidonda. Anasafisha mafuta yale, anatawadha kama kawaida.

Lakini chombo hiki hakifiki mbali. Kina chake ni kama milimita 0.2, unene wa karatasi mbili tatu za gazeti. Iko njia nyingine ya mwanga, iliyotangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Marekani, akiwemo James Fujimoto, kwa ajili ya macho kwanza. Hiyo hufika milimita 1 hadi 2 ndani ya ngozi, ila haionyeshi chembe hai kwa uwazi ule.

Hapa ndipo penye jambo letu. Kwa watu weusi, melanoma hutokea zaidi kwenye unyayo, kiganja na chini ya kucha. Na ngozi ya unyayo ni nene, hivyo hadubini ya leza hupata taabu kuona chini yake. Mahali tunapohitaji zaidi kuchunguzwa ndipo chombo kinapokuwa dhaifu!

Wewe, hata hivyo, unaosha miguu kila unapotawadha. Geuza unyayo uutazame, pia baina ya vidole. Watazame na wazee wako wasioweza kuinama. Doa jeusi linalopanuka, mstari mweusi mpya chini ya kucha, au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, usikipake dawa za mtaani. Kwa mwenye ualbino, angalia zaidi uso, midomo, masikio na shingo.

Nenda hospitali uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Kwa walio Tanzania, KCMC Moshi kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Mama anaweza kuomba achunguzwe na daktari wa kike. Ukiambiwa lazima ukatwe, kubali: ganzi huchomwa kwanza, na kipande chenyewe mara nyingi kina upana wa milimita 3 au 4 tu.